Barua kwa shoga yangu wa Berlin: vitu vinavyoitwa Usambara

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi toka Tanga. Sisi huku wazima kabisa, mama anaendelea vizuri sahizi anakwenda sokoni mwenyewe bila kushikwa mkono, mvua za vuli zinanyesha kwa kusuasua na embe zimejaa Ngamiani mpaka zinaoza. Picha yako nimeipata, ile ya ua kwenye kijichungu cha dukani limeandikwa Usambaraveilchen, yani violeti ya Usambara, na swali lako nimelisoma: hii Usambara ni hii yetu au wamechukua jina tu la kupambia biashara? Nikaanza kukujibu kwa meseji nikaona haitoshi, hili jambo ni refu na mi nalipenda sana, kwahiyo tafuta chai yako ukae chini.

Ni hii yetu. Usambara hii hii ya Muheza, Korogwe na Lushoto. Miaka ya mwanzo ya 1890 mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyekuwa anakaa hapa Tanga, baroni mmoja akiitwa Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona hilo ua akampelekea baba yake Ujerumani, baba akampa mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, na mwaka 1893 Wendland akalitangaza rasmi kwa jina Saintpaulia ionantha. Yani akalipa jina la baroni na ukoo wake. Sasa sikiliza kitu ambacho watu wa mjini huku hawakijui, baroni mwenyewe alieleza kwamba ameliona sehemu mbili, moja ni juu kwenye msitu wa Usambara na nyingine ni karibu na Tanga, mwendo kama wa saa moja tu toka mjini, kwenye nyufa za mawe ya chokaa, mawe ya namna ile ile ya kule Amboni tulikokuwa tunapelekwa na shule kuangalia mapango. Kwahiyo mtu wa Tanga mjini naye ana haki yake kwenye hilo ua, sio Msambaa peke yake.

Na kuna jingine limenifurahisha sana. Mwaka 2015 wataalamu wa mimea waliangalia undugu wa haya maua kwa vinasaba wakakuta hayastahili kuwa na jenasi yao peke yao, yani kundi lao la undugu, wakayaingiza kwenye jenasi kubwa inaitwa Streptocarpus. Jina la baroni likashushwa likabaki la kikundi kidogo ndani yake. Ila bibi wa Kijerumani anayemwagilia kijichungu chake dirishani hana habari na hayo, yeye bado anasema Usambara, kila siku, na wala hajui iko upande gani wa dunia. Hapo ndo mi naachana na wewe kidogo shoga. We umeandika kwamba inakuuma, kwamba wamebeba ua wakabeba na jina. Ua kweli wamelibeba, wakalizalisha wakapata la pinki, jeupe, lenye mapindo, na hela yake haijapita Muheza, hilo halina ubishi na lazima lisemwe. Jina ni jambo lingine. Wangeweza kuliita chochote, na wengine ndo wanaliita la Afrika tu kana kwamba Afrika nzima ni kilima kimoja. Wajerumani wakalipa la mahali. Mtoto wa huko akiuliza Usambara ni nini itabidi mtu afungue ramani, na akifungua atakuta ni sisi.

Nisichokubali ni huku kwetu. Watoto wangu wa darasa la sita nimewauliza nani ameshawahi kuliona hilo ua porini, hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono. Simba wanamjua, twiga wanamjua, hata dubu wa katuni wanamjua. Basi nimeanza kazi na hao watoto, tumebandika manila kubwa ukutani tunaandika kila kitu tunachokipata duniani chenye jina la mahali pa mkoa wetu, ndege, mti, samaki, kinyonga, jiwe, barabara, chochote, na pembeni tunaandika kinapatikana wapi hasa. We acha tu, manila imejaa tumeongeza nyingine.

Ua nikuelezee nilivyoliona mwenyewe maana la dukani halifanani. Unatoka Muheza unapanda mpaka Zigi, hapo ndo lango la hifadhi ya Amani, alafu unaingia njia ya msituni unafuata maji. Liko kwenye jiwe. Sio chini kwenye udongo, kwenye jiwe lenyewe, upande ambao jua haligusi na maji yanachuruzika kidogo kidogo juu ya kuvu na majani madogo madogo. Majani yake mviringo, mazito, yana vinyweleo, ukiyagusa unahisi mahameli. Ua lenyewe dogo kuliko la kwako, rangi ya zambarau ya kwenda bluu, katikati vifuko viwili vya chavua vya njano vinang'aa mpaka unaviona toka mbali kwenye kile kiza cha msitu. Udongo uliopo pale haujazi hata kijiko. Ukikata mti mkubwa uliolikinga hilo jiwe na jua, basi, limekwisha, hakuna pa kukimbilia maana jiwe halihami. Aina nyingine wanasayansi walizipa majina ya pale pale zilipookotwa, kuna ya Amani, ya Magunga, ya Shume, ya mlima Tongwe, yani ukisoma majina ni kama unapanda basi unashuka kituo kwa kituo.

Ndege sasa. Chozi wa Amani, huyu ni kandege kadogo mno, dume kichwa cheusi cha kung'aa kijani na tumbo jeupe, anakaa juu kabisa kwenye vilele vya miti unaishia kuumia shingo. Alitangazwa mwaka 1935 na W. L. Sclater na Reginald Moreau, huyu Moreau alikuwa anafanya kazi pale pale Amani kwenye kituo cha utafiti, kile ambacho Wajerumani walikianzisha 1902 na bustani yake ya mimea, na naye pia alikuja kupewa ndege wake, yule mdogo mwenye mdomo mrefu wa kwenye misitu ya Usambara mashariki. Ila chozi wa Amani usidhani yuko Amani tu, yupo na Arabuko-Sokoke kule Kenya karibu na Malindi, tena tambarare kabisa. Alafu wapo bundi wa Usambara, mnana wa Usambara, na kuna kandege kengine wazungu wanaita akalati wa Usambara ambaye huyo kweli haonekani popote duniani isipokuwa misitu ya juu kule Lushoto, upande wa Shume na Magamba. Popote duniani shoga. Huo msitu ukiisha hakuna pengine pa kwenda kumtafuta.

Bundi alinipa shida darasani. Watoto hawakutaka hata kumchora, si unajua mambo yetu, bundi akilia juu ya paa watu wanaanza kuhesabu wagonjwa. Nikawaambia huyu anakaa msituni mbali na mapaa ya watu, na jina lake la kitaalamu ni la mtu wa wadudu na wanyama wa pale Amani enzi za Mjerumani, Vosseler. Mmoja akaniuliza, mwalimu, kwanini jina la juu ni la mzungu na jina la chini ni la mlima wetu? Nilimpenda kwa hilo swali. Ndo ilivyokuwa, waliokuwa wanaandika walipeana majina wao kwa wao, na mahali pakaingia kwa sababu bila mahali hakuna anayejua kitu kimetoka wapi.

Kuna mmoja tu kwenye hayo majina ya wazungu ambaye mi mwenyewe nimefurahi kumkuta. Yule ndege wa kahawia mwenye mbavu za rangi ya chungwa, anayeparura majani makavu chini ya miti huko milimani akitafuta wadudu, kitaalamu anaitwa Turdus roehli. Roehl huyo ni Karl Roehl, mmisionari aliyekaa Usambara akajifunza Kisambaa vizuri, na ndo yeye aliyekuja kutafsiri Biblia kwa Kiswahili, ile iliyotoka nzima mwaka 1937. Babu yako wa Lushoto si alikuwa nayo kabatini, ile ya jalada jeusi? Basi mtu huyo huyo ndo mwenye ndege. Mwambie mama yako atashangaa.

Miti inanipa raha na inanitia uchungu. Mkulo, ule ambao mbao yake inanukia dawa hata ukiiranda baada ya miaka, kitaalamu ni Ocotea usambarensis. Jina la Usambara lakini unaota na Kilimanjaro, na Uluguru, mpaka milima ya Kenya, kwahiyo hapo jina linakuambia tu ulipoandikwa kwanza, halikuambii unaishia wapi. Milango ya zamani ya mission na ya serikali huko milimani mingi ni mkulo, wadudu hawaupendi, na ndo maana ulikatwa sana. Hata ukikatwa unachipua kwenye mizizi, ila mchipukizi kuja kuwa mkulo wa kushikwa na watu wanne mikono kwa mikono, huyo wajukuu zetu ndo watamuona. Alafu upande wa mashariki kuna mtambara, Cephalosphaera usambarensis, mrefu, umenyooka, shina halina tawi mpaka huko juu. Nikiusimamia chini nanyamaza tu.

Sasa Derema. Hii nataka uisome polepole kwa sababu inamhusu baba mdogo. Derema ni shamba la chai, unalijua. Ni jina la msitu pia, na ni jina la kinyonga. Kinyonga wa Derema alitangazwa mwaka 1892, Trioceros deremensis, dume ana pembe tatu usoni na jike hana hata moja, na mgongoni ana ngozi iliyosimama kama tanga la ngalawa. Mchana humuoni ng'o, ni kijani kwenye kijani. Usiku ndo saa yake ya kuonekana: unatembea na tochi unamulika ncha za matawi membamba, na yeye akilala anapauka anakuwa mweupe mweupe, amejikunja mkia, macho yamefungwa, yuko pale pale usawa wa uso wako. Nilimmulika mmoja karibu kabisa, akafungua jicho moja tu, likazunguka likanitazama, likafungwa tena. Baba mdogo alikuwa nyuma yangu anasema twende twende, yeye kinyonga anamuogopa toka utotoni na hajaacha. Kuna wengine wenye pembe mbili pia wana jina la Usambara, na hao kitaalamu jenasi yao inaitwa Kinyongia, yani wataalamu wamechukua neno letu moja kwa moja.

Huo msitu wa Derema ulikuwa umekatika vipande, katikati watu wana mashamba ya iliki, wanalima chini ya miti. Ikaonekana lazima vipande viungane ili wanyama kama hao wapite, watu wakalipwa fidia wakaacha mashamba. Baba mdogo ni mmoja wao. Mpaka leo ukimtajia habari hiyo anakunja uso, anasema alicholipwa hakikulingana na iliki aliyokuwa anavuna kila mwaka, na mi siwezi kumwambia amekosea. Naupenda ule msitu, na naona ulivyofunga vizuri sasa pale palipokuwa na iliki yake, lakini mtu aliyetoa shamba lake ili kinyonga apite alistahili kushukuriwa vizuri zaidi. Hayo yote mawili nayashika. Watoto nimewaambia waandike kwenye manila: Derema, chai, msitu, kinyonga, na iliki za watu.

Pangani imetuchanganya kidogo. Kuna ndege wa nyikani kitaalamu Macronyx aurantiigula, jina lake la kawaida kwenye vitabu ni la Pangani, koo la rangi ya chungwa, kifua njano, na ukucha wa nyuma mrefu mno. Ukienda Pangani mjini pale kwenye kivuko na minazi hutamuona, yeye ni wa nyasi kavu, kule juu Mkomazi na Tsavo na nchi ya Wamasai. Nikawaeleza watoto kwamba mto Pangani unatoka mbali, Kilimanjaro na Meru, unakuja karibu kilomita 500 mpaka baharini, na katikati unapita nchi kame kabisa, kwahiyo wasiangalie mji tu. Alafu nikakumbuka na Pangani ya Nairobi, ule mtaa, nao ukaingia kwenye manila. Na Korogwe je? Korogwe ana samaki! Perege wa Korogwe, Oreochromis korogwe, mtaalamu Rosemary Lowe ndo aliyemtangaza mwaka 1955, na yumo mto Pangani na mto Zigi. Mwanafunzi mmoja mama yake kwao Korogwe alitembea kifua mbele wiki nzima.

Jiwe nalo lipo, hili ndo lililowanyamazisha. Huko bonde la Umba, mpakani, wanachimba vito, yakuti za rangi za ajabu ajabu, na kuna tomalini moja ya kijani ambayo ukiimulika sehemu nyembamba ni kijani, ukiimulika sehemu nene inageuka nyekundu. Jiwe lile lile, taa ile ile, kinachobadilika ni unene tu ambao mwanga unapita ndani yake. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Norway, Halvorsen na Jensen, wakaliandika jambo hilo na kuliita athari ya Usambara. Sasa popote duniani mtu wa vito akikuta jiwe linafanya hivyo, hata kama limetoka nchi nyingine, anataja Usambara. Milima yetu imekuwa jina la tabia ya mwanga. Mi nikifikiria hilo nasisimka mwili.

Reli unaijua, kwa Wajerumani ilikuwa reli ya Usambara, walianza kuijenga hapa Tanga 1893, mwaka ule ule ua lilipotangazwa, ikafika Moshi 1911, na mlima wenyewe haikuupanda, inapita chini tu Korogwe na Mombo milima iko kulia kwako unapokwenda Moshi. Na meli pia, miaka ya 1920 kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie ilikuwa na meli inaitwa Usambara, pamoja na Usaramo, Wangoni na Ussukuma. Makabila na milima yetu wakayaandika ubavuni mwa vyuma vyao wakati nchi yenyewe wameshaipoteza vitani. Hapo ndo nakubaliana na wewe kwamba inauma, maana jina la ndege linamrudisha mtu kwa ndege, jina la meli ya aliyekutawala linamrudisha kwa nani?

Ndo maana nina kazi ya kukupa. Huko huko Berlin, mtaa wa Wedding, kuna sehemu inaitwa Afrikanisches Viertel, yani mtaa wa Kiafrika, ina barabara ya Usambara, barabara ya Tanga na barabara ya Sansibar. Na barabara nyingine ya pale iliyokuwa na jina la Petersallee, mwaka 2024 waliibadilisha, kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Nenda siku ya mapumziko upige picha kibao cha kila moja, kisomeke vizuri, simama karibu wewe mwenyewe ili watoto waone ni mtu wa Tanga amefika pale. Usipige na simu usiku, zinatoka na giza. Nitaziprinti kubwa. Na ukimkuta mtu anaishi barabara ya Usambara muulize kama anajua Usambara ni wapi, alafu uniandikie alichojibu neno kwa neno, hata kama amesema hajui.

Desemba ukija usipange safari nyingi za harusi, niachie siku za kwenda Amani. Tutashuka Muheza, tupande na basi la mchana, tutalala kwa baba mdogo, keshasema kuku wako yupo. Njoo na tochi ya kuvaa kichwani maana ya kushika mkononi inasumbua ukiwa unaondoa matawi, na kama kuna darubini ya bei nafuu hata iliyotumika niletee moja, ya chozi wale wa juu. Viatu vya kufunga, sio ndala, njia ya Zigi inateleza na ruba wapo.

Mama anakusalimu sana, anasema unenepe kidogo. Wasalimie na mume na watoto. Andika upesi.

Wako akupendaye,
Shogaako wa Chumbageni